Ramani ya Kambare wa Nanyuki

Ngendo aliingia Nyeri na ndoo ya kambare wanne hai kutoka Kagio, amewafunika kwa majani ya mgomba, akimwomba Mungu asikutane na mtu wa kanisani kwake. Hakuona haya kubeba samaki, ingawa mwaka huo wa 1985 wazee wa Nyeri bado walimhesabu samaki kuwa binamu wa nyoka, na kambare, kwa masharubu yake, hakusaidia kuwabadilisha mawazo. Aliogopa tu kuulizwa anawapeleka wapi.

Aliwapeleka kazini. Ngendo alikuwa mtunza mabwawa katika kituo kidogo cha utafiti nje ya mji. Kambare wenyewe wa kituo, walioletwa kutoka kinamasi kimoja karibu na Nanyuki, walikuwa wamekufa wote katika ukame wa mwaka uliotangulia, alipokwenda Kangema kumzika dada yake. Alikaa siku tatu tu. Aliporudi, mfereji ulikuwa umekauka na bwawa limegeuka tope. Alizika samaki kumi na tisa bila mchungaji, akaenda sokoni Kagio kutafuta wengine. Tangu hapo, kila walipopungua, alirudi Kagio.

Mwenye utafiti alikuwa Daktari Simeon Theuri, mtu wa digrii tatu na tai mbili. Alikuwa amelitangazia taifa kupitia gazeti kwamba angechora ramani ya kambare. Si ya mahali wanapoishi, la, ya ndani yao. Kwenye kromosomu, vile vijiti vya urithi vilivyomo katika kila seli, kuna vipande vya DNA vinavyojirudia kama kibwagizo cha wimbo, naye angeonyesha kila kibwagizo kimekaa wapi. Taifa, lililokuwa limetoka tu kupanga foleni ya mahindi ya njano, lilifurahi sana.

Kila Alhamisi Ngendo alimpitishia kambare mmoja dirishani. Mlango wa maabara haukufunguliwa mtu yeyote. Vumbi, alieleza Daktari, ni adui wa hadubini, na bila hadubini ile waliyompa wafadhili hata yeye asingeona kitu, angekuwa mkulima kama wengine. Baadaye chumbani kulinukia vitunguu. Ngendo hakushangaa, sayansi ina dawa nyingi.

Ramani zilitoka nzuri, safi, bila doa. Kisha Daktari akatangaza ajabu: katika miaka miwili tu, vibwagizo vya kambare wa Nanyuki vilikuwa vimehama kutoka ncha za kromosomu hadi katikati. Hakuna samaki duniani aliyewahi kubadilika kwa haraka hivyo. Akavishwa medali. Katika ukumbi mzima ni Ngendo peke yake, aliyekuwa akipakua chai, aliyejua kwamba samaki hawakubadilika. Walibadilishwa.

Halafu ikaja barua. Wataalamu wawili kutoka ng'ambo walikuwa njiani kuja kuchukua damu ya samaki hao wa ajabu, wakaipime wenyewe.

Ngendo hakula siku mbili. Angeweza kunyamaza, lakini hakuweza kuvumilia kuona msomi mwema akiaibishwa mbele ya wageni kwa kosa lake yeye. Siku ya tatu alibisha ofisini kwa Daktari.

"Daktari, hao samaki si wa Nanyuki," alisema. "Wa Nanyuki walikufa wote. Hawa mimi hutoa Kagio."

Ngendo alingoja hasira. Badala yake alivutiwa kiti, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akaitwa Mama Watiri. Daktari alimuuliza tarehe, akamuuliza idadi, kwa upole kama anayemhoji mgonjwa.

"Umeambia mtu mwingine?"

"Hapana."

"Basi tuandike. Ukweli ni kitu kizuri, Mama Watiri."

Aliandika yeye, Ngendo akatia sahihi.

Wageni walichukua damu mabwawani, wakaenda kuipima Nairobi, wakarudi wamekunja uso: hakuna kipande hata kimoja kilicholingana na ramani. Daktari aliwasomea ile karatasi aliyotia sahihi Ngendo, kwa sauti ya msiba. Alisema hana kinyongo na mama asiyesoma. Wageni walimpa pole, mmoja alimkumbatia. Mwezi haukuisha akapandishwa cheo na kuhamia Nairobi.

Ngendo alifutwa kazi baada ya miaka kumi na minne. Hakupelekwa polisi, kwa maombezi ya Daktari, na kwa hilo alimshukuru kila Jumapili.

Siku yake ya mwisho aliombwa amsaidie Athman, dereva, kupakia hadubini iende kituo kingine. Athman alifungua maabara, nao wakaikuta kwenye kona, ndani ya kasha la mbao lililopigiliwa misumari pande zote. Muhuri wa forodha ya Mombasa, wa Aprili 1982, haukuwa umevunjwa.