Maporomoko ya Chatu

Joto lilipozidi, Zamda aliamua chatu wake naye apate maporomoko ya maji ya kuogea. Akatoboa sanduku la mbao alimomfugia, akapitisha mpira kutoka kwenye dumu, maji yakaanza kuchuruzika ndani ya beseni lililokuwa humo sandukuni.

“Tundu limeuzidi mpira, mwanangu,” mama yake alisema, akimtazama mtoto wa Zamda aliyelala mkekani.

“Mama, wewe hata mjusi unamkimbia! Mwache mwenzio aoge.”

Mama akatoa kanga begani, akaliziba tundu. Zamda akaichomoa, akamrushia.

“Utamkosesha hewa. Nimesema hatoki!”

Chatu akaupanda mpira taratibu. Zamda alikuwa amempa mgongo, mikono kiunoni, macho kwa mama yake.

“Hatoki,” alirudia, na nyuma yake kichwa kilikuwa kimeshafika nje, ulimi ukichezacheza kuelekea mkekani.