Karata Isiyogeuzwa

Mama alirudi kutoka misa ya asubuhi mapema kuliko kawaida, akamkuta Nsimire mkekani, karata zake za kutabiria zimetandazwa juu ya kitenge.

Nsimire alizifunika kwa mikono. Kila mama alipokwenda misa, yeye alisali, akavuta karata moja, akakaa nayo kimya. Hakuwahi kumwambia mtu.

Mama hakufoka. Alivua kiatu kimoja, akasahau cha pili, akachuchumaa. Rozari ilikuwa bado imezunguka vidole vyake.

"Hizi zinakuambiaka nini?"

"Kitu kikubwa hapana, maman. Zinanisaidiaka tu kusikia roho yangu."

"Basi, ziulize juu ya papa yako."

Tangu shimo la dhahabu alimochimba baba liporomoke kule Kamituga, simu yake ilikuwa haipatikani.

Nsimire alichanganya karata. Mama alifanya ishara ya msalaba, akavuta moja, akaibana kifuani bila kuitazama.

"Geuza, maman."

Mama aliikumbatia zaidi, rozari na karata pamoja.

"Tuiache hivi, mutoto yangu. Hivi, papa yako angali mu njia ya kurudi."