Pale pa Marehemu

Wimbo ulipofika katikati, mpiga besi mpya aliinua vidole, akaacha nyuzi kimya. Ilikuwa mara ya tatu alasiri hiyo, kwenye bugi, dansi la mchana la Jumapili, mjini Shinyanga.

"Hajui kitu huyu!" shabiki mmoja alifoka. "Marehemu pale alikuwa analiliza gitaa!"

"Ubunifu huo, mshamba wee!" mwenzake akamjibu.

Zuleha, mjane wa yule mpiga besi marehemu, alikuwa amekuja kuusikia mlio wa gitaa la mumewe, hata mara moja tu. Akasogea jukwaani, akamfuta yule kijana wa besi jasho kwa leso, kama alivyozoea kumfuta mumewe.

"Shikamoo, mama," kijana alinong'ona. "Pale ni pake. Nimeshindwa kupagusa."

"Marahaba, mwanangu."

Wimbo ukafika tena katikati, vidole vikainuka. Zuleha akaanza kuuimba ule mlio, taratibu, peke yake.