Kumbukumbu ya Friji

Kitu cha kwanza Nyaruai alichotafuta, hata kabla ya kuambiwa karibu, ni soketi. Betri ya kompyuta yake ilikufa mwaka jana. Isipochomekwa ukutani, haiwaki. Akaipata soketi ileile ya safari iliyopita, nyuma ya friji, akachomeka, akavuta kiti. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Chumba kikawa kimya kabisa, naye alipenda hivyo. Kazi ya kichwa haitaki kelele.

Friji yenyewe ndiyo iliyokuwa kesi. Ilikuwa ya chama cha wafugaji wa kuku hapo Bungoma, na ndani yake ilikaa chanjo tu. Tarehe saba mwezi uliopita kuku mia tatu walichanjwa. Wiki mbili baadaye ugonjwa ukapita, ukawamaliza wote. Mzee Wepukhulu, mwenyekiti, alisema chanjo ilipata joto ikaharibika, na wa kulaumiwa ni Phelista, mshika ufunguo. Ufunguo alishanyang'anywa. Saa nane mchana kamati ingekaa kumfuta kazi.

"Mimi friji sijawahi acha wazi hata siku moja," Phelista alisema kutoka kwenye benchi la nje, maana ndani alikatazwa. "Na stima haikupotea. Sasa hiyo joto ilitoka wapi, madam?"

Nyaruai alimwamini. Tena aliona haya. Ni yeye aliyetoka Kibomet, kule Kitale, tarehe nne mwezi uliopita, akafunga ndani ya friji hiyo kimashine cha kupima joto, chenye betri yake, na sasa kimashine kilidai hakina rekodi hata moja. Siku ile Phelista alimchinjia kuku. Firigisi akawekewa yeye mgeni, wakala, wakapiga gumzo mpaka saa kumi jioni. Mtu kama huyo huwezi kumwacha afutwe kazi huku unatazama.

"Rekodi ziko, mzee," Nyaruai alimwambia Wepukhulu, aliyesimama kando yake. "Kipimo kinaandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu, na hii kumbukumbu haisahau hata betri ikiisha. Shida ni kerneli."

"Nani huyo?" mzee aliuliza.

"Si mtu. Ndiyo inaendesha kila kitu ndani ya mashine. Lakini haioni. Lazima uiandikie: kumbukumbu iko anwani fulani, ukubwa wake ni huu, na ni ya kudumu. Mimi niliiandikia anwani mbaya. Imekuwa ikibisha hodi kwa jirani."

"Kwa hivyo kosa ni lako."

"Kosa ni langu," alisema Nyaruai, na akajisikia vizuri kusema hivyo. Ni wangapi siku hizi wanaokubali makosa yao?

Mistari ilikuwa minne tu, lakini aliihakiki tarakimu kwa tarakimu, akaandika upya, akazima kimashine, akawasha. Ilipofika saa saba, rekodi zilimwagika kwenye kioo cha kompyuta kwa mamia.

"Soma," alisema mzee. Phelista alikuja akasimama mlangoni, na hakuna aliyemfukuza.

Digrii nne. Digrii tano. Nne. Siku baada ya siku, usiku na mchana, friji ilikuwa na baridi yake inavyotakiwa. Nyaruai alisoma kwa sauti, furaha imemjaa.

"Hapo mama hana kosa," mzee alikubali. "Lakini kuku walikufa. Hakuna siku ilipanda?"

"Ziko mbili tu." Nyaruai alishusha macho. "Tarehe nne, kutoka saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Ilifika digrii ishirini na mbili."

"Si ndio siku ulikuja kutufungia mashine," alisema Phelista. "Na ya pili?"

Nyaruai alirudi kwenye kioo. Ya pili ilikuwa leo, tangu saa tatu na nusu, na bado ilikuwa inapanda mbele ya macho yake: digrii kumi na nane, kumi na tisa. Aliinama polepole, akachungulia nyuma ya friji. Soketi ilikuwa moja tu, na waya wa friji ulikuwa sakafuni, palepale alipouweka.