Gari Lililofungwa Bandeji

Amédée alikuwa amelala chali chini ya gari lake, akilifunga bandeji. Ndivyo walivyosema majirani kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli, Kamina, wakawa wanapita makusudi kumuuliza limeumia wapi.

Haikuwa bandeji. Ilikuwa amiante, kitambaa cheupe kisichoshika moto ambacho mafundi wa karakana ya treni walizungushia mabomba ya mvuke. Msimamizi alikuwa amempa vipande vilivyobaki. Amédée alivilowesha, akavizungusha kwenye bomba la moshi tangu kwenye injini mpaka chini ya kiti cha abiria, akavikaza kwa waya. Mikono ilimwasha kama aliyeshika upupu, naye akapiga mluzi.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, aliuziwa na Mgiriki mmoja aliyecheka wakati wa kumkabidhi ufunguo. Baadaye Amédée alijua alichekea nini. Bomba lile lilipita karibu mno na sakafu ya bati, na aliyekaa upande wa kulia alipikwa kuanzia nyayo. Kiangazi cha mwaka hamsini na tano walijaribu kwenda kumwona Lucienne, dada wa mke wake Delphine. Hawakufika hata nusu ya njia. Delphine aliungua miguu, akalia, wakarudi. Tangu siku hiyo hakumtaja tena dada yake, na ukimya huo ulimuuma Amédée kuliko matusi.

Lucienne alikuwa kambi ya wenye ukoma, msituni, njia ya Luena. Alipopimwa, muuguzi alimchoma sindano ya paja na yeye hakushtuka, kisha akatoka akijisifu kwa wanawake wote kwamba yeye hana woga. Kesho yake walikuja kumchukua. Mtoto wake alilifuata lori akilia mpaka barabara kuu. Aliyeingia kule hakurudi kulala kwake tena.

"Mama Kazadi," Amédée aliita kutoka chini ya gari, "dimanshi tunaenda. Hii mara moto hayitakuunguza."

"Njo vile unasemaka kila mara," Delphine alijibu. Lakini aliacha kufua, akaja kuchuchumaa karibu na gurudumu, akawa anamshikia waya.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mtaa mzima ulijua kwamba Amédée angelifunga hata gari zima, taa na magurudumu, ili mwanamke yule akamwone dada yake.

Jumapili alfajiri walimpeleka Kazadi, ambaye hakuwa ameachishwa ziwa, kwa kaku, bibi yake. Delphine alimnyonyesha mara moja tena mlangoni.

"Usilie, baba," alimwambia. "Magaribi minyi narudia."

Ndani ya gari alikaa miguu mitupu, viatu vyake vipya amevipakata, maana hakutaka vumbi liviguse kabla Lucienne hajaviona. Vile vya zamani havikuwa na maana tena. Kimoja kilikuwa kimemvuka njiani akitoka sokoni, naye akafika nyumbani na cha pili bila kujua, wanawake wakamcheka mpaka akacheka na yeye.

Amédée hakuweza kujizuia. Walipopita mashamba ya mihogo ya mwisho, aliuliza.

"Moto iko?"

"Hayiko."

Walipovuka daraja la magogo, gari likarushwa huku na huko, akauliza tena.

"Na sasa?"

"Hata kintu minyi sisikie. Weye njo fundi, baba Kazadi."

Moyo wa Amédée ukajaa. Harufu ya kuungua iliwafuata, lakini amiante mpya hunuka siku ya kwanza ikikauka, kila fundi wa karakana anajua hilo. Delphine akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Hakuwa ameimba tangu Lucienne achukuliwe, na mume wake alitazama barabara kwa macho yaliyolowa, akamshukuru Mungu kwa vipande vile vya kitambaa.

Walifika jua likiwa utosini. Nyuma ya uzio Lucienne alisimama kwa fimbo yake, akapunga mkono uliokunjika vidole. Muuguzi wa kambi akaja kufungua lango.

Amédée alifungua boneti kwanza. Ilikuwa ni majivuno tu, alitaka kuitazama kazi yake.

Waya ulikuwa umekatika. Amiante ilikuwa imefumuka na kuanguka njiani, hakikubaki hata kipande, na bomba lilikuwa tupu, jekundu.

Alizunguka upande wa kulia, akafungua mlango, akaweka kiganja kwenye bati la sakafu. Aliuondoa mkono haraka, akauma meno.

"Tunafika?" Delphine aliuliza, akimcheka kwa namna alivyokodoa macho. Akainua mguu mmoja kutoka kwenye bati lile, kisha mwingine, akavaa viatu vyake vipya juu ya malengelenge yaliyopasuka. Halafu akashuka, akatembea kuelekea langoni bila kuchechemea.