Mkono wa Mpiga Pasi

Fundi cherehani alisugua mkono wa kulia kwa sabuni ya kufulia hadi kwenye kiwiko, akausuuza, akaanza upya. Bomba la nyuma ya ukumbi lilitoa maji kwa kusuasua. Harufu ya losheni ya mpiga pasi haikutaka kutoka.

Lilikuwa zoezi la tatu. Mwalimu wa ngoma, kijana mwembamba asiyeishiwa maneno, alikusanya watu ishirini, kumi waliomaliza vifungo vyao gerezani na kumi wa mtaani, akawapanga wawili wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Alitaka mji uache kuwatenga waliotoka jela. Wote walivaa fulana nyeupe na suruali nyeusi, na sharti lilikuwa moja: hakuna kuulizana nani katoka wapi. Watazamaji wangeambiwa mwishoni, wakishapiga makofi.

Wazo lilikuwa zuri mdomoni mwa mwalimu. Sakafuni lilikuwa jambo jingine. Muuza dawa alijifuta kiganja kwenye suruali kila aliposhikana mkono na mwenzake. Mama mmoja mwenye miwani alimshika wake kwa vidole viwili, kama anayeokota panya aliyekufa. Fundi aliwaona, roho ikamchafuka, kisha akaona aibu. Hakuna aliyejisugua kama yeye.

Lakini wao hawakupangwa na mpiga pasi.

Zamani hao wawili walifanya kazi chumba kimoja, katika karakana ndogo ya sare za shule, fundi kwenye cherehani, mwenzake kwenye meza ya pasi. Adhuhuri moja mpiga pasi alitoka kwenda kula, akaiacha pasi imelala kifudifudi juu ya shati, umeme haujazimwa. Moto ulianzia hapo, ukashika marobota, ukamkuta mlinzi amejipumzisha stoo. Hakutoka. Fundi ndiye aliyerudi wa kwanza, na kabla moshi haujamsukuma nje aliiona ile pasi pale pale ilipoachwa; waliofuata walimkuta yeye peke yake mlangoni.

Kesi ikasikilizwa, kifungo kikatoka, miaka tisa, na mji ukasahau. Fundi hakusahau hata siku moja ya miaka hiyo.

Asingekanyaga ukumbini kama si binti yake. Msichana huyo, aliyelelewa na mama yake mdogo na sasa ni muuguzi, alimwandikisha bila kumuuliza. Alisema mama amejifungia ndani mno, hana rafiki, anazungumza na cherehani tu. Hakujua mama yake angepangwa na nani, na fundi hakumwambia.

Aliyeomba wapangwe pamoja ni mpiga pasi mwenyewe. Mwalimu alilisimulia hilo mbele ya kundi zima, macho yamelowa, akisema huo ndio ujasiri anaoutafuta. Watu wakapiga makofi. Fundi akatazama ukuta.

Ule mkono ulikuwa laini, wenye jasho jepesi, na ulishikilia. Kila hatua ilipotaka waachane, wenyewe ulichelewa kidogo kuachia. Hicho ndicho kilichomtia kinyaa kuliko vyote, kushikwa kwa upendo na mtu yule.

Siku ya zoezi la mwisho, wakizunguka taratibu, mpiga pasi alimsogelea sikioni.

"Nisamehe, dada. Nilikuwa na mtoto mchanga. Niliogopa kusema."

"Hesabu hatua," fundi alisema.

Usiku huo fundi hakula. Kulikuwa na kipande kimoja katika ngoma ambapo mpiga pasi alitakiwa kusimama ukingoni mwa jukwaa, afumbe macho, ajiachie aanguke kinyumenyume, na fundi amdake. Sakafu ya chini ilikuwa ya saruji. Fundi alilala akiifikiria ile saruji, akaamka nayo.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi alikaa mbele na maji yake ya chupa, wapiga picha wamemzunguka. Binti alikuwa safu ya tatu, bado na sare ya kazini. Vijiti vya ngoma vikaanza, na wale ishirini wakaingia.

Kilipofika kile kipande, mpiga pasi akafumba macho. Fundi, chini ya jukwaa, aliona kisogo chake, shingo yake, mabega yaliyojiachia kama ya mtoto aliyebebwa. Ilitosha asogee hatua moja pembeni. Watu wangesema ni bahati mbaya, naye angewaacha waseme.

Mpiga pasi akaanguka.

Fundi akamdaka. Uzito wote ukamwangukia kifuani, na losheni, na jasho, na nywele zenye mafuta usoni pake, akageuza uso. Alimsimamisha wima, akamrudisha jukwaani, akapanda nyuma yake. Ukumbi ulisimama kwa shangwe. Binti alikuwa akijifuta macho kwa mkono wa sare.

Wakajipanga mstari mmoja mbele ya taa, wote wameshikana mikono, wanahema. Mgeni rasmi akapewa kipaza sauti. Alisema ameona ubinadamu, na kwamba kwa namna walivyocheza hakuna ambaye angeweza kubaini nani ni nani. Kisha akasoma kikaratasi chake.

"Sasa nawaomba ndugu zetu waliotumikia vifungo wapige hatua moja mbele, tuwaone."

Mkono wa mpiga pasi ulikaza, ukakataa kuachia. Fundi akauchomoa wake kwa nguvu, akapiga hatua mbele. Nyuma yake, katika mstari wa raia wema, mpiga pasi alibaki akipiga makofi kuliko wote.