Nusu ya Vuguvugu, Nusu ya Barafu

Kalamu ya mkuu wa maabara ilikuwa imeshagusa karatasi Bibi Barafu alipoifunika kwa kiganja.

"Usitie sahihi, bosi."

Ripoti ilikuwa fupi. Sampuli namba arobaini na moja, kipande cha ubongo wa mgonjwa aliye hai: seli za ulinzi zimewaka hasira, ugonjwa umerudi. Daktari alikuwa akiisubiri ili akifungue tena kichwa hicho Jumatatu.

"Seli hazisemi uongo, dada."

"Hazisemi. Ila mlizitoaje? Dakika arobaini kwenye maji ya vuguvugu, na dawa ya kuyeyusha nyama. Ukimwamsha mtu kwa maji ya moto, usimwandike kuwa mkorofi."

Mkuu akaguna. Jina la Bibi Barafu halikutoka hewani: yeye kila kitu alikisaga kwa mkono, polepole, ndani ya chumba baridi. Tangu arudi likizo, hata chakula cha mchana alikula na kofia ya sufu kichwani.

"Baridi imekuingia akilini," wenzake walimtania.

"Kidogo," alijibu, bila kutabasamu.

Sasa alisema, "Nusu ya kipande iligandishwa siku ileile kilipotolewa. Nitaisaga kwenye barafu, nitoe viini vya seli tu. Nipe hadi Ijumaa."

"Na mgonjwa?"

"Atasubiri. Hana haraka ya kupasuliwa."

Mkuu alimtazama kupitia kioo cha mlango wa chumba baridi alipoanza kusaga. Mkono ule, ambao kwa miaka kumi na tisa haukuwahi kutetemeka, aliujaribu mara tatu kabla haujatulia. Uzee, mkuu akawaza. Huyu tumtafutie kazi ya kukaa.

Ijumaa karatasi mbili zililala mezani. Nusu ya vuguvugu: hasira tupu. Nusu ya barafu: shwari, kama mtoto aliyeshiba. Kichwa kimoja, kipande kimoja.

Mkuu alizisoma mara mbili, akarudia. Kisha akaichana ripoti yake vipande vinne na kuvuta simu.

"Umeniokoa na aibu, dada. Ngoja nimpigie daktari, amwambie mgonjwa hapasuliwi tena."

"Daktari mpigie," alisema Bibi Barafu. Akavua kofia, akajikuna taratibu kando ya mshono uliokuwa bado mwekundu. "Mgonjwa ameshasikia."